Ada ya kujaziwa fomu za likizo ya uzazi Marekani: kiasi gani, nani analipa, na namna ya kulipa mara moja tu

Mwanamke aliyeajiriwa Tanzania akikaribia kujifungua anajua ana siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akipata pacha. Kenya ni miezi mitatu. Marekani mambo hayaendi hivyo. Hakuna sheria ya nchi nzima inayomlazimisha mwajiri wa sekta binafsi kumlipa mzazi aliye likizo. Kilichopo ni sheria ya mwaka 1993 iitwayo FMLA, inayokulindia kazi kwa wiki 12 bila mshahara, pamoja na mipango ya malipo ya baadhi ya majimbo na bima za kazini. Kila mmoja una fomu yake, fomu inataka sahihi ya daktari, na kliniki nyingi zinataka pesa kabla daktari hajashika kalamu.

Ada hiyo kwa kawaida ni kati ya dola 15 na 50 kwa fomu. Zipo kliniki zinazojaza fomu ya kwanza bure na kutoza zinazofuata, zipo zinazotoza mara moja kwa ujauzito mzima, na zipo zinazoongeza pesa ukitaka fomu itoke haraka. Bima ya afya hailipi. Malipo ambayo bima humpa daktari kwa ajili ya ujauzito ni ya kliniki za kila mwezi, kujifungua na uangalizi wa baadaye. Makaratasi ya kazini hayamo humo. Kwa hiyo unaweza kuwa na bima inayogharamia kila kitu na bado ukaambiwa utoe dola 30 dirishani.

Ada yenyewe si wizi. Kanuni za FMLA zinaweka gharama ya cheti cha daktari juu ya mfanyakazi, na mwajiri halazimiki kukurudishia. Isipokuwa jambo moja: mwajiri akitilia shaka cheti chako na kukutuma kwa daktari mwingine, maoni hayo ya pili, na ya tatu yakihitajika, anayalipa yeye pamoja na gharama zako za usafiri. Ukiletewa bili ya daktari uliyetumwa na kampuni, usiilipe. Ipeleke kwa ofisi ya HR, yaani idara ya rasilimali watu ya kampuni.

Kinachowaumiza wengi ni kulipia fomu isiyohitajika, au kulipia fomu ileile mara tatu kwa sababu ilijazwa vibaya mara ya kwanza.

Kabla ya kutoa hata dola moja

Kwanza hakikisha FMLA inakuhusu. Lazima uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo angalau miezi 12, uwe umefanya kazi saa 1,250 ndani ya miezi 12 iliyopita, na kampuni iwe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka unapofanyia kazi. Shule na ofisi za serikali huhesabiwa kuwa waajiri wa FMLA hata zikiwa na watu wachache, ila masharti yote matatu, pamoja na lile la wafanyakazi 50 ndani ya maili 75, yanabaki palepale kwa mfanyakazi. Saa 1,250 ni wastani wa saa 24 kwa wiki kwa mwaka mzima. Anayefanya kazi nusu siku, au aliyebadilisha kiwanda miezi minane iliyopita, huenda hajafika hapo.

Usibahatishe. Mwandikie HR kwamba una mimba na utahitaji likizo, kisha subiri notisi ya kustahili, ambayo mara nyingi huja kwenye fomu WH-381. Mwajiri ana siku 5 za kazi kukupa. Notisi hiyo inasema mambo mawili unayoyahitaji: kama unastahili, na kama kampuni inataka cheti cha daktari. Wako waajiri wasiotaka cheti kabisa kwa ujauzito. Aliyekimbilia kliniki na fomu aliyoichapisha mtandaoni kabla ya kupata notisi anaweza kuwa amelipia karatasi ambayo hakuna atakayeisoma.

Kama hustahili FMLA, usilipie fomu yake. Tumia sheria nyingine, PWFA, ya kuwalinda wafanyakazi wajawazito, iliyoanza kutumika tarehe 27 Juni 2023 kwa waajiri wenye wafanyakazi 15 au zaidi. Haihitaji uwe umefanya kazi mwaka mzima, na inaweza kukupa muda wa kujifungua na kupona kama marekebisho ya kazi. Hapo barua fupi ya daktari mara nyingi inatosha, na kliniki nyingi huiandika bure ukiiomba ukiwa ndani ya chumba cha daktari.

Sheria hiyohiyo ina zawadi nyingine kwa mjamzito anayesimama kutwa kwenye mstari wa kufungasha. Chini ya kanuni zake, mwajiri hapaswi kukudai barua ya daktari ili akuruhusu kuwa na maji karibu, kwenda chooni zaidi, kukaa au kusimama inavyohitajika, au kupumzika kidogo ule na kunywa. Unajieleza mwenyewe kwamba una mimba na unahitaji jambo hilo. Msimamizi akikwambia "leta karatasi ya daktari" kwa ajili ya chupa ya maji, anakutia gharama isiyo ya lazima.

Karatasi zinazohitaji mkono wa daktari, na zisizohitaji

Muda wako mwenyewe wa ujauzito, kujifungua na kupona unahitaji cheti cha daktari kama mwajiri amekitaka. Fomu ya Wizara ya Kazi ni WH-380-E. Kampuni nyingine zina yao. Kama una bima ya kazini inayokulipa sehemu ya mshahara ukishindwa kufanya kazi kwa muda, ile iitwayo short-term disability, nayo ina kipande cha daktari. Mpango wa jimbo, kama upo kwenu, una cheti chake. Hizo ndizo tatu, na si kila mtu anazo zote.

Likizo ya kukaa na mtoto mchanga haihitaji cheti cha daktari. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, hasa za akina baba. Baba anayestahili FMLA ana wiki 12 zake za kukaa na mtoto, na anachoweza kuombwa ni uthibitisho kwamba mtoto ni wake: cheti cha kuzaliwa au karatasi ya hospitali. Akitoa hati halisi, arudishiwe. Fomu WH-380-F, ambayo HR humkabidhi baba kwa mazoea, ni ya kumuuguza mke asiyejiweza, kwa mfano baada ya upasuaji au akiwa amelazwa kitandani kwa amri ya daktari. Kama baba anachotaka ni kumbeba mtoto na kumsaidia mama nyumbani, ajibu HR kwa maandishi kwamba anaomba muda wa kukaa na mtoto, na alete cheti cha kuzaliwa. Dola 30 zimebaki mfukoni. Muda huo uishe kabla mtoto hajafikisha mwaka. Wanandoa walioajiriwa na kampuni moja wanaweza kulazimika kugawana wiki 12 hizo za kukaa na mtoto.

Njia nyingine ya kupunguza fomu: mwajiri hapaswi kukataa cheti cha FMLA kwa sababu tu hakikuandikwa kwenye fomu yake, ilimradi kina taarifa zote zinazotakiwa. Kwa hiyo daktari akishajaza kipande chake cha fomu ya bima, chukua nakala, ipeleke HR na uulize kwa maandishi: "Je, hii inatosha kwa FMLA? Kama haitoshi, niandikieni kinachokosekana." Mara nyingine inatosha. Isipotosha, angalau unajua ni mistari miwili inayopungua, si fomu nzima.

Hesabu ya siku

Likizo inayojulikana mapema unatakiwa kuitolea taarifa siku 30 kabla. Ukishaombwa cheti, una angalau siku 15 za kalenda kukirudisha. Kliniki, kwa upande wake, huhesabu siku za kazi, na huanza kuhesabu siku uliyolipa, si siku uliyoacha fomu.

Chukua mfano. HR wanakupa fomu Jumatatu tarehe 2. Mwisho ni Jumanne tarehe 17. Unaiacha kliniki siku hiyohiyo, lakini ada unalipa Ijumaa tarehe 6 mshahara ukiingia. Kliniki inasema siku 10 za kazi. Fomu inatoka Ijumaa tarehe 20, umechelewa siku tatu, na mwajiri anaweza kukunyima ulinzi wa likizo kwa muda uliochelewa. Na hakuna aliyekwambia, kwa sababu fomu ilikuwa imelala kwenye trei ikisubiri malipo.

Dawa yake ni kulipa siku ileile unayokabidhi, na kudai risiti yenye tarehe. Kama hesabu inaonyesha hutawahi, mwandikie HR kabla ya siku ya 15, uambatishe risiti na jina la kitengo kinachoshughulikia fomu. Mwajiri anatakiwa kukuongezea muda kama umefanya juhudi za kweli na kuchelewa hakukutokana na wewe. Risiti ndiyo ushahidi wako wa juhudi hizo. Fomu ikirudishwa kwamba haijakamilika, HR lazima waandike kinachokosekana na wakupe siku 7 za kalenda kurekebisha.

Ijazwe mara moja, ikamilike

Cheti kimoja kinaweza kubeba ujauzito mzima: siku za kliniki, siku za kutapika na kushindwa kuamka, kujifungua, na kupona. Wengi hujaziwa kipande cha mwisho tu, cha wiki sita baada ya kujifungua. Kisha mwezi wa tano wa mimba wanakosa kazi siku mbili kwa kichefuchefu, siku zinahesabiwa utoro, na wanarudi dirishani kulipia fomu nyingine. Kutapika kwa mimba kunalindwa na FMLA hata kama siku hiyo hukwenda kwa daktari, lakini cheti kiwe kimesema.

Anayejaza fomu mara nyingi ni nesi au karani anayesoma faili lako, daktari anatia sahihi mwishoni. Hawajui ratiba yako. Bana juu ya fomu karatasi moja yenye maelezo haya:

- jina lako kama lilivyo kwenye kitambulisho cha kazi, tarehe ya kuzaliwa, na namba yako ya mgonjwa;
- tarehe ya matarajio ya kujifungua, na siku unayotarajia kuacha kazi;
- kazi unayofanya kwa maneno ya wazi: "nanyanyua maboksi ya paundi 40, nasimama saa 10";
- siku za kliniki: kwa utaratibu wa kawaida ni kila wiki 4 hadi wiki ya 28, kila wiki 2 hadi ya 36, kisha kila wiki;
- makadirio ya siku mbaya, mfano mara 2 kwa mwezi, siku 1 kila mara;
- fomu iende wapi, lini mwisho, na namba ya dai uliyopewa na bima au jimbo.

Makadirio yaafikiwe na daktari; usimwekee maneno mdomoni. Lakini lazima awe na namba ya kuandika. Palipoulizwa muda, majibu kama "haijulikani" hurudisha fomu moja kwa moja. Kwenye WH-380-E kuna kisanduku cha ujauzito chenye nafasi ya tarehe ya matarajio. Kikiachwa wazi, fomu inaweza kuhesabiwa haijakamilika hata kama kurasa nyingine zote zimejaa.

Tarehe zinaandikwa mwezi kwanza. Kwa sisi tuliozoea siku kwanza, 03/07 ni tarehe 3 Julai. Kwa HR ni Machi 7. Kwenye karatasi yako ya maelezo andika jina la mwezi kwa herufi ili nesi asikosee kunakili. Na kama wewe ni miongoni mwa wakimbizi waliopewa Januari 1 kuwa siku ya kuzaliwa, jua kwamba kliniki yenye Wakongo au Warundi wengi ina mafaili mengi ya Januari 1 yenye majina yanayofanana. Namba ya mgonjwa ndiyo inayokutenganisha na mwenzio. Iandike kila ukurasa.

Swali la wiki 6 au 8 linahitaji uangalifu. Desturi ni wiki 6 za kupona kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida, 8 kwa upasuaji. Kwa FMLA tofauti hiyo haina uzito mkubwa, maana wiki zinazobaki hadi 12 unazitumia kukaa na mtoto. Kwa bima ya kazini ni wiki mbili za malipo. Ukijifungua kwa upasuaji na fomu ilisema wiki 6, piga simu kliniki kabla ya kuondoka hospitali au siku chache baada yake, waitumie bima marekebisho. Uliza tangu mwanzo kama marekebisho hayo yana ada. Na kumbuka wiki ulizotumia kabla ya kujifungua zinatoka kwenye zilezile 12.

Dirishani

Uliza haya kabla ya kulipa: ada ni kwa fomu au kwa ujauzito mzima? Wakikosea wao, kurekebisha ni bure? Siku zinahesabiwa kuanzia lini? Nani anaituma, na nitapata nakala? Kliniki nyingine hazijazi zenyewe. Huzipeleka kwa kampuni ya nje inayokutumia bili kwa barua pepe. Barua hiyo hufanana na matangazo, watu huifuta, na fomu haianzi. Kama kliniki yako inafanya hivyo, mwombe karani akuambie barua itatoka kwa jina gani.

Ili kliniki itume taarifa zako moja kwa moja kwa mwajiri au bima, lazima usaini ruhusa. Bila ruhusa, fomu iliyokamilika inabaki faili. Njia salama ni kurudishiwa mkononi na kuipeleka mwenyewe. Fomu ya Wizara ya Kazi yenyewe inasema irudishwe kwa mgonjwa, isitumwe Wizarani. Ikienda kwa faksi, namba ya dai iwe kila ukurasa, na siku mbili baadaye piga simu uthibitishe kurasa zote zimefika.

Sahihi si lazima iwe ya daktari. Kwa FMLA, mkunga-nesi, nesi mwandamizi anayetibu wagonjwa au daktari msaidizi anakubalika. Kliniki ya wakunga mara nyingi hutoa fomu haraka kuliko ya daktari mwenye foleni.

Kama Kiingereza ni kigumu, dai mkalimani. Kliniki inayopokea fedha za serikali kuu, na nyingi zinapokea, inatakiwa kukupa mkalimani bure, hata kwa simu. Mtoto wa shule asikutafsirie masharti ya likizo.

Huna pesa ya ada

Kama una Medicaid, bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, mwambie karani kabla hajakuandikia bili, na uulize kama jimbo linaruhusu mgonjwa wa Medicaid atozwe ada hiyo. Usipopata jibu, piga namba iliyo nyuma ya kadi yako. Omba kusamehewa au kulipa baada ya fomu kutoka. Meneja wa kliniki ana uwezo huo kuliko karani. Mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa hospitali hufuatilia mambo haya kila siku. Vituo vya afya vya jamii vinavyotoza kulingana na kipato huwa na ada ndogo au havitozi. Na jaribu lililo rahisi zaidi: leta fomu kwenye miadi yenyewe, kurasa zako zikiwa zimejaa, uulize kama nesi anaweza kuimalizia hapohapo.

Jimbo unaloishi

Texas, Ohio, Kentucky, Arizona na Iowa, ambako wasemaji wa Kiswahili ni wengi, hazina mpango wa jimbo wa kumlipa mzazi wa sekta binafsi. Huko unahangaika na FMLA na bima ya kazini tu. Minnesota ilianza kulipa tarehe 1 Januari 2026: hadi wiki 12 za matibabu na 12 za familia, jumla zisizidi 20 kwa mwaka. Maine ilianza tarehe 1 Mei 2026. Washington, Massachusetts, Colorado, New York na New Jersey zina mipango yao. California inalipa ujauzito wa kawaida hadi wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio na wiki 6 au 8 baada. Dai lake lisiwasilishwe kabla ya siku ya 9 wala baada ya siku ya 49 tangu uache kazi. Kipande cha daktari kikichelewa kwa sababu ya ada, siku hizo 49 zinaendelea kuhesabika. New York, tangu tarehe 1 Januari 2025, wajawazito wa sekta binafsi wana saa 20 za malipo kwa ajili ya kliniki, na mwajiri hapaswi kudai taarifa za siri za afya ili akupe.

Kurudi kazini

Baadhi ya waajiri hudai cheti kwamba umepona. Wanaweza kukidai kama walikwambia kwenye notisi ya kukubaliwa likizo na kama wanakidai kwa kila mtu wa kazi ya aina yako. Gharama ni yako tena. Iombe barua hiyo kwenye miadi ya baada ya kujifungua, daktari akiwa mbele yako. Ukiipigia simu wiki mbili baadaye inageuka kuwa fomu yenye ada na siku 10 za kusubiri.

Mwajiri akikunyima likizo licha ya cheti kilichokamilika, au akikutoza gharama za daktari aliyekutuma yeye, piga 1-866-487-9243, kitengo cha mishahara na saa cha Wizara ya Kazi. Simu ni bure na mkalimani anapatikana. Malalamiko ya PWFA yanakwenda EEOC, tume ya serikali kuu inayoshughulikia ubaguzi kazini. Kuwa na risiti ya ada, nakala ya fomu na barua pepe ulizowaandikia HR. Afisa ataziomba kabla ya jambo lolote.